Faili la Baba Shanice

Ukija hospitali yetu ya misheni hapa Voi ukapigwa picha, ukachomwa sindano au ukafungwa kidonda, utadhani kazi imeisha. Haijaisha. Kuna mwanamke anaitwa Kavetsa, chumba chake kinatazamana na dirisha langu la mapokezi ya eksrei. Yeye ndiye husoma kila neno aliloandika daktari kukuhusu, kisha akaligeuza kuwa namba. Ugonjwa una namba yake, na kila alichofanyiwa mgonjwa kina yake. Kampuni ya bima haina haja na hadithi yako, inasoma namba za Kavetsa. Zikikosewa, hulipiwi.

Kavetsa ni Mmaragoli aliyezaliwa hapa hapa Voi, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa fundi wa mabehewa. Anakijua Kidawida, lugha yetu ya hapa Taita, kuliko wapwa wangu wa kijijini Wusi wanaojifanya watoto wa Nairobi. Ni mtu wa kucheka, wala mwili wa binadamu haumtii haya. Chukua kile kipimo cha njia ya mkojo, ambacho sisi wengine tunakitaja kwa kunong'ona. Yeye atamwuliza daktari mbele za watu, kama anayeuliza bei ya nyanya: dawa umeiingiza wapi? Maana ile dawa inayoonekana kwenye eksrei ikimiminwa kwenye kibofu ina namba yake, ikiingizwa kupitia mbele, kwenye njia yenyewe, ina namba nyingine, na picha nayo huandikwa kando. Daktari akiandika ovyo, Kavetsa humrudishia faili bila kugombana.

Huyo basi ndiye aliyeshindwa na faili moja.

Lilikuwa la Hillary Wesonga, dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, mume wa Abby, binti yake Kavetsa. Kwa watu wa kwao, mama mkwe na mume wa binti hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na mama hatakiwi kumwona mkwewe hata akiwa amevua shati. Sisi Wadawida tuna haya zetu pia, lakini hizi za Kavetsa nilizicheka miaka nenda miaka rudi. Siku ya harusi alimsalimia kijana wa watu huku ameitazama keki. Tangu mjukuu azaliwe humwita Baba Shanice, na lolote wanalotaka kuambiana humtuma Abby.

Hillary aliteleza kwenye trekta akaangukia chuma cha kufungia trela, mguu huku na mguu huku. Alipewa vidonge vya maumivu kwenye zahanati ya shamba, akarudi kazini. Mkojo ukaanza kupungua, ukawa unatoka kwa kujikamua, naye kimya. Miezi minne baadaye ukafunga kabisa, akaletwa kwetu amejikunja. Daktari alimtoboa chini ya kitovu akamwekea mpira wa kutolea mkojo, na mfuko wake akawa anauficha ndani ya koti, kwenye joto hili la Voi. Kilichobaki ni apimwe ijulikane njia imeziba wapi, bima ikubali, kisha daktari wa upasuaji anayetoka Mombasa ampasue. Daktari huyo haji kila mara. Akimkosa, angebaki na mpira tumboni miezi mingine, na kule shambani walishaanza kuulizia dereva mwingine.

Kipimo kilifanyika. Mable, mwenzake Kavetsa wa chumba kimoja, alikuwa likizo kwao Mghange. Faili likaangukia kwa mama mkwe.

Nilimwona kupitia dirisha. Alilifungua, akalifunga, akaliwekea mengine juu. Jioni alilichomoa, akasoma mstari wa juu tu, ule wa ombi la daktari uliosema picha ya kibofu, akaandika namba ya kibofu, akatuma. Kavetsa huyu, ambaye hata faili la mchungaji alilisoma mpaka nukta ya mwisho.

Bima ikakataa, na ikataja mambo mawili. La kwanza, kipimo cha kibofu hakielezi kwa nini njia ya mkojo ipasuliwe. Kumbe kwenye ukurasa wa pili daktari alikuwa ameandika kwamba aliingiza dawa kupitia mbele pia, ikakwama, na pale ilipokwama ndipo pa kupasua. Kavetsa hakufika ukurasa wa pili. La pili, kama hii ni ajali, mbona mgonjwa alikaa miezi minne? Pasipo maelezo wangehesabu ni ugonjwa wa zamani, na wasingelipa.

Kavetsa alikuja dirishani kwangu macho mekundu. Alisema heshima yake ndiyo imemfungia mkwewe mlango. Mimi mdomo wangu haujui kutulia, nikamwambia mficha uchi hazai, aende akasome. Akaenda, akaketi, akasoma yote, akasahihisha namba. Alipomaliza alikuwa na jasho la mtu aliyetoka kulima.

Swali la pili halikuwa na jibu popote kwenye faili. Abby alikuwa Taveta kununua ndizi za kuuza, na simu yake haikupatikana. Daktari wa Mombasa alikuwa anafika kesho yake. Hillary mwenyewe alikuwa pale pale, kwenye benchi nje ya mlango wangu, amekuja kubadilishiwa mfuko. Nilijitolea kumwuliza mimi. Kavetsa alikataa, akasema kosa ni lake. Akatoka, akasimama ubavuni mwa benchi, uso ameuelekeza kwenye bango la chanjo.

"Baba Shanice, watu wa bima wanauliza. Mbona ulikaa miezi minne yote hukuja hospitali?"

Hillary alivuta koti lake. Alijibu akitazama viatu vyake.

"Mama, bima ya shamba inatuleta hapa tu. Na hapa ni wewe unasoma mafaili."

Kavetsa alishika ukingo wa dirisha langu. Miaka yote hiyo aliamini anamheshimu yule kijana, kumbe kijana alikuwa akijikamua peke yake kwenye mkonge ili mama mkwe asije akajua. Mimi nisiyehusika machozi yalinitoka, na nilijutia kila kicheko nilichokicheka kuhusu desturi yao.

Kisha Kavetsa akageuka. Aliketi kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati, akamtazama usoni.

"Nimesoma yote, mwanangu. Na wewe bado ni mkwe wangu."

Hillary aliinamisha kichwa, akasema asante, Mama.

Jibu la kwenda kwa bima aliniletea nilisome kabla ya kulituma, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliambatisha karatasi ya zahanati ya siku ile ya kuanguka. Chini yake aliandika kwamba mgonjwa alichelewa kwa sababu ya aibu, kwamba kwa desturi yao asingekubali ugonjwa wa sehemu hizo usomwe na mama mkwe wake, na kwamba mama mkwe huyo ndiye anayeandika barua hii. Akatia sahihi. Kibali kilifika asubuhi, daktari akiwa tayari ananawa mikono.

Wiki chache baada ya upasuaji kipimo kilekile kilirudiwa, kuona kama njia imepona ili mpira utolewe. Mable alikuwa amesharudi, nami nikalipeleka faili mezani kwake, maana hata mimi nilikuwa nimejifunza adabu. Kavetsa akaniita, akanyoosha mkono. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili. Daktari alikuwa ameandika kwamba dawa imepita yote, haikukwama wala haikuvuja. Kavetsa akaandika namba ya kuingiza dawa, na ya picha kando yake, kama inavyotakiwa. Halafu akajifunika uso kwa kitambaa na kulia kwa sauti, hata wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakadhani amefiwa.