Siku Moshi wa Mbark Ulipopotea

Ni Ijumaa asubuhi na Mbark Aït Oumghar yuko shimoni nyuma ya hamamu, nyumba ya kuogea kwa mvuke, anailisha tanuru vumbi la mbao kwa koleo. Jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Ukuta mmoja tu unamtenga na watalii wanaosuguliwa migongo huku wakiguna kwa raha.

Ndani ya jivu la moto zimezikwa tanjia, vyungu vya udongo vyenye nyama, kitunguu saumu na ndimu ya chumvi. Majirani huzileta mapema na kuzifuata zikiiva.

"Usifukue hapo!" Mbark anamfokea mmoja wao. "Unadhani ni simu, uichungulie kila dakika?"

Mbark, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alirithi kazi hii kwa baba yake. Watalii wakijaa Marrakech, alichoma sana. Wakipungua, alichoma kidogo. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo, hadi mtakwimu wa chuo kikuu, Ghizlane Bennis, alipomwonyesha mchoro wa mistari minne: wageni, mapato ya mji, nishati na hewa ya ukaa. Yote ilipanda pamoja, ikaporomoka pamoja mwaka ule wa ugonjwa mipaka ilipofungwa, kisha ikapanda tena pamoja.

"Nikamuuliza, binti yangu, yaani mtu akikata tiketi kwao huko kwenye baridi, mimi huku nashika koleo? Akasema ndiyo," Mbark ananisimulia. " Nywele zilinisimama."

Nimeuona mchoro huo. Nimeishi mji huu miaka mingi, na bado niliifuata mistari yake kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Inashangaza jinsi ndege inayotua na mtu aliye shimoni walivyofungwa kamba moja.

Ghizlane alitaka kujua kama mstari wa wageni unaweza kupanda huku ule wa hewa ya ukaa ukishuka. Kwa Mbark, hilo halikuwa swali la darasani. Baraza la mtaa lilikuwa limeamua kuifunga tanuru kwa ajili ya moshi, asipopunguza kuni na vumbi la mbao kwa nusu bila maji kupoa.

"Wakifunga, niende wapi? Mimi najua moto tu."

Majira ya machipuko yalipofika, paneli za jua za kupasha maji zikafungwa juu ya paa. Siku ya kwanza, hamamu ikiwa imefurika, Mbark alipanda kutazama bomba lake la moshi. Hakuona moshi.

"Nikajua moto umezimika. Nikashuka mbio, nusura nivunjike shingo. Naingia ndani, wanaume wananipigia kelele: Mbark, unatuchemsha!" Anacheka. "Moshi ule nimeuona tangu nizaliwe."

Adhuhuri ya siku hiyo Abdelali Sqalli, fundi ngozi, alikuja kuchukua tanjia ya wenzake waliokuwa wakimsubiri bustanini. Akaifungua. Nyama ilikuwa mbichi. Vyungu vyote vilikuwa hivyo, kwa kuwa moto mdogo ulizaa jivu la vuguvugu. Mbark alikuwa amevipokea kama kawaida, maana jivu lake halikuwahi kupoa hata siku moja.

"Umetupikia, Mbark, au umetuhifadhia?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Aibu ni yangu."

"Aibu yako tutaila na mkate?"

Ghizlane alikuwepo. "Nilihesabu maji, kuni na wageni," anasema. "Chakula cha mtaa sikukiweka, naye hakukumbuka kuniambia. Tulitazamana kama watu waliosahau mtoto sokoni."

Tangu hapo Mbark amekuwa akirundika jivu lote kwenye kona moja, akilichochea kwa kokwa za zeituni zinazotupwa na wakamuaji wa mafuta. Leo mkaguzi wa baraza amepima kuni: zimepungua zaidi ya nusu, na wageni wameongezeka. Tanuru inabaki.

Abdelali, aliyekuja tena leo kuchukua tanjia yake, hasikilizi hayo. Anafungua kifuniko, anachomoa pande la nyama na kumpa Mbark.

"Anza wewe. Ikiwa mbichi, ikuue wewe."

Mbark anatafuna. Mfupa unatoka mtupu. Abdelali anakibeba chungu chake na kuondoka bila neno, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa.

Ninapomuuliza Mbark ana mpango gani sasa, anafuta mikono kwenye suruali.

"Kesho nampandisha mke wangu juu ya paa. Tangu nimwoe anaanika nguo chumbani kwa sababu ya masizi yangu. Nimemwambia afue shuka zote nyeupe."