Grisi Kwenye Mitungi ya Oksijeni

Niliitwa Hanang kutia sahihi tu. Hospitali moja ya huko ilikuwa imefungiwa mabomba ya kupeleka oksijeni wodini, mgeni rasmi angezindua mchana, na mimi, fundi wa vifaa vya hospitali, nithibitishe ni salama. "Weka sahihi urudi," bosi aliniambia. Nikasema nitakagua kwanza. Akacheka, nami kicheko kile sikukipenda hata kidogo.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Bashay, huku kwetu Mbulu, kwa pikipiki ya kazini, baridi ikinitafuna vidole. Kufika Hirbadaw ukungu ulishaisha, vumbi limenijaa hadi kwenye kope.

Saa nne nilipokelewa na Mzee Lohay, mtunza mitambo. Zamani alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, mpaka yalipobinafsishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimelainisha kila kitu mwenyewe."

Akaniingiza chumba cha mitungi. Nikashika valvu ya mtungi mmoja, vidole vikateleza. Grisi!

"Sasa nati ngumu ungeifanyaje?" akauliza. "Kwenye trekta ni hivyo hivyo."

Mungu wangu! Oksijeni ikitoka kwa nguvu ikakuta mafuta, inaweza kulipuka bila hata kiberiti. Na nyuma ya ukuta ule walilala watoto wenye nimonia. Nilipomweleza, mzee alikaa chini.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alikuja mbio. "Binti, mgeni yuko njiani. Futa na kitambaa, usaini."

"Kitambaa hakitoshi. Vifunguliwe vyote, visafishwe kitaalamu. Watoto wabaki na mitungi midogo ya kando ya kitanda, ile haikupakwa kitu."

"Nampigia bosi wako!"

"Mpigie. Nikutajie namba?"

Kwenye simu bosi alisema nisiposaini, kesho nisije kazini. Nikamjibu basi, siji.

Saa saba msafara wa mgeni ukaingia. Mganga akawaongoza hadi chumba cha mitungi, akamkuta Mzee Lohay ameweka kiti mlangoni.

"Hapa hapiti mtu," alisema mbele ya wageni wote. "Aliyepaka grisi ni mimi. Huyu binti yuko sahihi."

Utepe haukukatwa.

Jioni nilirudi Mbulu. Kesho yake niliweka ufunguo wa pikipiki mezani kwa bosi kabla hajauomba. Nilichojifunza Hanang ni hiki: shikamoo nitampa kila mkubwa, lakini sahihi yangu hapewi mtu kwa ajili ya heshima tu.