Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Fundi wa simu anachomelea waya, na moshi wa risasi iliyoyeyuka unanipandisha mori.

Ndivyo ilivyonuka nyumba yetu kule Migori, dada yangu alipofufua kompyuta iliyotupwa kwenye takataka za shule. Vijana walileta disketi, akawanakilia bure mchezo wa kompyuta aliouandika mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja: ukipata, mpe mwenzako.

Mwalimu mkuu, yule mchoyo, akaja na mlinzi. "Wewe msichana, hii ni mali ya shule!"

"Si mliitupa, mwalimu?"

"Funga mdomo!"

Akaipeleka ofisini, akaifunika kitambaa cha maua alichofuma mkewe. Hakuwahi kuiwasha. Siku ya wazazi tuliruhusiwa kuingia kuitazama, miguu peku. Dada naye akaambiwa avue viatu.