Arobaini ya Kugombea

Chumba chetu cha Satwa, hapa Dubai, tulilala wanawake sita, na kila wiki tuligombana nani aoshe choo, mpaka tukaamua kuchagua kiongozi. Niliutaka uongozi ule, sifichi. Mpinzani wangu alikuwa Mkenya wa miaka thelathini na sita, mdomo kama redio, aliyeniita mama kwa heshima.

Nikatunga sheria. "Kwetu Tanzania hugombei urais hujatimiza miaka arobaini. Na hapa iwe hivyo hivyo!"

Yeye akadai kwao Kenya kumi na minane inatosha. Wenzetu wakaniunga mkono mimi.

"Khalas," akasema. "Basi mama, leta kitambulisho."

Nikaitoa kadi yangu shingo upande. Nina miaka arobaini na minne, lakini wakala aliyenileta Dubai alinipunguzia tisa, maana mamadam wanaotuajiri majumbani wanataka vijana. Kadi ilisema thelathini na tano.

Walicheka mpaka vitanda vikalia. Sheria ikafutwa palepale, Mkenya akashinda kwa kura tano. Ya sita nilijipigia mwenyewe.

Tangu siku ile haniiti mama tena. "Mdogo wangu," huniambia, "choo kinakungoja." Na mimi, mwenye mjukuu Tanga, nachukua brashi.