Siku Tulipofagia Ngitili

Sisi tuliokua wakati maduka ya Bariadi yalipoanza kujaa tena tunajuana. Mama zetu walikuwa wamefulia majani ya mpapai kwa muda mrefu, halafu likaja soko huria, sabuni ya mche ikawa ya kuchagua na mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai siku ya mnada. Nakumbuka gauni langu la kwanza la mtumba, lilikuwa na vifungo mgongoni na harufu ya dawa. Nililivaa mpaka likawa blauzi.

Mimi shule niliishia la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya kitabuni hapa. Nasema mambo yalivyokuwa.

Vitu vilipojaa dukani, kila mtu akataka kulima pamba zaidi ili avipate. Kwetu, upande wa Nkoma, watu walikata miti mpaka juu ya kilima. Miti ya mihale ikaisha, migunga ikaisha, kuni tukawa tunafuata mwendo wa asubuhi nzima na kurudi na mzigo wa kutosha ugali mmoja. Furu, matunda ya porini tuliyokuwa tunaokota tukichunga, tukawa tunayasikia kwa dada zetu tu. Ndipo wazee wakaitisha mkutano wakasema kilima kirudi kuwa ngitili. Nyie wa mjini mliosahau, ngitili ni malisho yanayofungwa tangu mvua za kwanza, ng'ombe asitie mguu mpaka kiangazi kikali, nyasi ziwe zimesimama na visiki vimechipua vyenyewe. Hakuna anayepanda kitu. Unafunga, unalinda, unasubiri.

Kila nyumba ilitoa mtu wa kulinda na kuziba mianya kwa miiba. Bila malipo, bila soda. Ulikwenda na michembe yako mfukoni, ukitafuna viazi vile vikavu mpaka taya zichoke. Vijana wa leo ukiwaita kwenye kazi ya kijiji wanauliza kwanza kama kuna fulana.

Nyumba yetu ilinitoa mimi. Baba alipofariki, ndugu zake waligawana ng'ombe, mama akaachiwa mmoja na ndama wake. Tulimwita Mbula kwa sababu alizaliwa siku ya mvua kubwa. Maziwa ya Mbula ndiyo yaliyokuwa mboga yetu siku ambazo hakuna mlenda. Wazee walikata kona ya chini ya ngitili, karibu na korongo, wakasema hiyo ni ya ng'ombe wa wajane na wazee, maana hawana vijana wa kupeleka mifugo mbali. Mama alifurahi hadi akaimba akitwanga, na mama yangu hakuwa mtu wa kuimba.

Mkuu wa walinzi alikuwa Guku Lugoye, babu mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Jumamosi moja alikuwa na msiba kijiji cha pili. Akatukusanya watoto kumi na wawili akasema, "Leo ngitili ni yenu. Itunzeni vizuri, nikirudi niikute inapendeza." Akaondoka.

Sasa mimi shuleni nilikuwa kiranja wa usafi. Mnakumbuka shule zetu: kila mtoto na ufagio wake wa mti, uwanja unafagiwa mpaka udongo unabaki na mistari, na mawe yamepakwa chokaa pande zote. Jani moja likionekana, mnapiga magoti. Kwangu mimi kutunza mahali kulikuwa ni hivyo. Nikawatuma wenzangu wakalete majembe na mafyekeo. Tukaanzia kona ya korongo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nyasi nyingi zaidi, yaani ndiko kuchafu zaidi.

Tulifanya kazi kwelikweli. Tukafyeka. Vichipukizi vilivyotoka kwenye visiki tukaving'oa kwa jembe kama magugu ya pamba. Minza, rafiki yangu, akasimama akashika kiuno.

"Kabula, hizi nyasi si ndizo za ng'ombe?"

"Ng'ombe watakula zile za juu. Wewe fagia, usinifundishe kazi."

"Haya, kiranja. Mama yako akikuchapa mimi sikuwepo."

Tukarundika zote, tukachoma. Tukafagia majivu. Tukapanga mawe. Nilisimama katikati nikaona ni pazuri kuliko uwanja wa shule.

Guku Lugoye akarudi. Alizunguka, kisha akakaa juu ya jiwe letu mojawapo.

"Nani kawatuma?"

"Wewe, Guku. Ulisema tutunze, ipendeze."

 Akasema, "Kamwite mama yako."

Mama alikuja na mikono ina unga. Alipoona ile kona nyeupe hakupiga kelele. Alisema tu, "Umefagia chakula cha Mbula kabla hajala." Nilitamani anichape. Hakunichapa.

Mvua zilikuwa zimekwisha, nyasi hazikurudi. Kiangazi kilipofika na ngitili ikafunguliwa, kila mtu alikuwa amehesabu nyasi za ng'ombe wake, na wajane wakabaki kuombaomba pembeni. Mbula alikonda mpaka mbavu zikawa za kuhesabika. Mama akamswaga na ndama wake hadi kwa mjomba, upande wa Malampaka, ambako kulisikika kuna majani. Mvua ziliporudi alirudi ndama peke yake. Mbula alilala siku moja kwa mjomba, hakuinuka.

Mwaka ule wote tulikunywa uji mweupe. Watoto wenzangu waliniita Kiranja mpaka naolewa, na haikuwa kwa heshima.

Mama alinipa adhabu moja. Kila Jumamosi, kulinda ile kona. Nilizungushia miiba kwa mikono yangu, nikakaa. Mwaka wa kwanza mawe yangu tu. Mwaka wa pili kikachipuka kisiki kimoja cha mhale, urefu wa kidole. Nilikilinda na mbuzi, nikakilinda na wakata kuni, nikakilinda na watoto wenye majembe. Baadaye vikaja vingine. Nilivijua kimoja kimoja, na nilipoolewa kijiji hichohicho niliendelea kwenda. Hakuna aliyekuwa ananituma tena.

Mwaka jana mjukuu wangu Neema alikuja kutoka Bariadi mjini na wenzake wa shule, wamevaa fulana za kijani, wana miche kwenye viriba. Wamejitolea kutunza mazingira. Nikasema vizuri. Nilipowafuata kilimani nikakuta wameshaanza kufyeka kona ya korongo.

"Bibi, tunasafisha kwanza ili miche ionekane kwenye picha."

Nilimnyang'anya jembe. Nikawakalisha chini wote nikawaeleza habari ya Mbula. Mmoja alicheka, nikamtazama, akaacha.

"Sasa tufanye nini, Bibi?" Neema akauliza.

"Pandeni hiyo miche yenu barabarani. Hapa mkae mlinde."

Walikaa. Nusu saa haikuisha, kila mmoja ameinamia simu yake. Sisi tulikaa kutwa nzima tukiangalia kisiki. Sisemi tulikuwa na akili zaidi, mmeshasikia nilichofanya. Lakini kukaa tuliweza.

Siku hizi furu zimerudi kilimani, na asubuhi kuna kanga wanalia. Ukisimama barabarani ukatazama, utaona miti yote imelingana, isipokuwa kona ya chini karibu na korongo, ni mifupi. Wageni wakiuliza, watu huwaambia udongo wa pale ni mbaya. Mama alikuwa anawasikia, ananyamaza, na sasa hayupo. Kwa hiyo niseme mimi: udongo wa pale hauna kosa lolote.