Nailoni Juu ya Kibao

Mama yangu alizikwa Jumamosi. Ijumaa mchana nilikuwa chumbani, nyumbani kwetu Bagara, nahangaika na laptopu. Nje turubai lilishafungwa, na ndugu zake Mama kutoka Mutuka walikuwa wameleta mahindi na maharage ya msiba. Mimi nilipewa kazi moja, picha ya kutangulia mbele ya jeneza.

Mama hakuwa na picha ya peke yake isipokuwa ya kitambulisho, na hiyo amekunja uso mpaka Baba akaikataa. Tulikuwa na ya harusi ya jirani, yeye yuko mstari wa nyuma katikati ya wanawake wenzake, anacheka. Nilitakiwa kuukuza uso wake, niukate, niwahi stesheneri kuichapisha kabla hawajafunga.

Vidole viwili vikagoma. Kidole kimoja kilisogeza mshale vizuri tu, lakini nikiweka viwili kwenye kibao cha kugusia ili nitanue picha, haitanuki. Nikazima, nikawasha. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta vidole viwili vimeruhusiwa, nikaviondoa, nikavirudisha. Nikafuta programu ya kibao na kuiweka upya. Kulikuwa na alama ya kukuza picha, ila kila nikiibonyeza inanipeleka kwa bwana harusi, ambaye siku hiyo sikuwa na shida naye. Machozi hayakuja. Nilikuwa na hasira kidogo na ile mashine, basi.

Na tatizo nilikuwa nalijua tangu mwanzo. Mama alifunika kila kitu. Rimoti ilikaa kwenye nailoni, kochi lilikaa na plastiki ya dukani mpaka ikapasuka yenyewe. Alipokuja kukaa kwangu wakati wa matibabu, aliona kibao kimeanza kung'aa kwa kusuguliwa, akakata kipande cha nailoni ya kufunikia madaftari, akakibandika kwa selotepu. Kilifanya kazi miezi mingi. Sasa kilikuwa kimeinuka katikati, kimeingiza hewa.

Shangazi, dada yake Baba, akaingia na kikombe cha chai.

"Umeipata?"

"Bado, Shangazi."

Akainama, akatazama. "Hiyo nailoni imevimba. Itoe."

"Nitaitoa."

Hakuondoka. "Kazi ya mikono yake imejaa nyumba nzima, mwanangu. Itoe, watu wanasubiri picha."

Nikaibandua. Ilitoka kwa mara moja, bila ubishi, na hilo liliniudhi kuliko yote. Nikafuta gundi kwa pindo la shati. Nikaweka vidole viwili, nikavitanua, na Mama akaja mbele akiwaacha wenzake nyuma. Nikaukata uso, nikauhifadhi. Kazi ilikuwa imekwisha, na sikuhisi chochote.

Baba akaja, akakaa kitandani kando yangu. Nikamfungulia ile picha kubwa, nikamwonyesha nilipokata.

"Ongeza," akasema.

Nikatanua. Uso ukajaa kioo.

"Ongeza."

"Baba, ikizidi hapa inavurugika. Haonekani tena."

"Naona. Ongeza."

Nikaongeza. Macho yakapotea, kicheko kikapotea, kikabaki kipande cha shavu, vimraba vya rangi ya kahawia. Baba alisogea karibu na kioo, akavua miwani yake, akaendelea kumtazama.