Dereva wa Diski na Video ya Harusi

Asubuhi moja mume na mke kutoka Salgaa waliingia katika duka langu dogo la kutengeneza kompyuta, hapa Nakuru. Mume alikuwa dereva wa lori. Mke alikuwa ameifunga laptopu yao kwa leso kama mtoto mgonjwa.

"Boss, tukiangalia video ya harusi yetu, inaganda," mke akasema. "Na hatuna nakala nyingine."

Nikaifungua. Ilicheza vizuri mpaka bwana harusi akasimama kucheza densi, kisha picha ikaganda na diski ikaanza kugonga, tik, tik.

"Diski inaharibika," nikawaambia. "Dereva wake anajaribu kusoma mahali pabovu, anashindwa, anarudia."

Mume akainama kuchungulia. "Dereva? Yuko humo ndani?"

Nikamweleza kwamba ni programu inayosimama kati ya kompyuta na diski. Diski ikikosa kujibu, huomba tena, husubiri, hata huiwasha upya, ndipo hatimaye hukubali kwamba imeshindikana.

"Huyo ni mvumilivu. Mimi lori ikikataa kuwaka, naita fundi mara moja."

"Lakini akiendelea hivyo ataimaliza diski," nikasema.

Nikaichomoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu, nikatumia programu inayonakili kwanza sehemu nzima na kuruka zile mbovu. Wao wakaenda kunywa chai. Waliporudi, video yote ilikuwa imepatikana isipokuwa pale pa densi.

Mume akatabasamu kuliko ilivyofaa. "Basi, hapo paache tu. Usiichoshe diski."

"Aache nini?" mke akamrukia. "Boss, hapo ndipo alianguka mbele ya pasta! Miaka yote hii, ikifika hapo, huyu hutoka nje."

Nikarudia sehemu zile mbovu polepole, nikianzia mwisho kurudi nyuma. Vipande vikaanza kupatikana, kimoja kimoja, mpaka nikaweza kuichezesha video tena.

Safari hii mlango ulikuwa nyuma ya mke, kwa hivyo mume hakuwa na pa kutokea. Akajiona akiteleza, akianguka chali na meza ya soda. Mke akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha kwenye video mzee mmoja akatokea mbio katikati ya wageni, akamwinua, akampangusa suti.

Mume akasogea karibu na skrini.

"Ni baba," akaniambia. "Tulimzika mwaka jana. Sikujua ni yeye aliniinua. Rudisha nyuma kidogo, boss."